Baraza Lisilosema Ndiyo wala La

Msomaji, hapana shaka umepata kutumwa na mzazi wako kwenye ofisi fulani kutafuta karatasi, ukaambiwa na mtu aliyekaa nyuma ya meza, "Njoo kesho." Kesho yake ukaenda, ukaambiwa neno lile lile. Mtu yule hakukukatalia, wala hakukukubalia. Lau angalikukatalia, ungaliuliza sababu, na pengine ungalikwenda kwa mkubwa wake kushtaki. Lakini mtu akuambiaye "njoo kesho" hakupi neno la kushika. Amekunyima bila ya kutamka neno la kunyima, na mikono yake ingali safi. Wazee wetu waliijua dhiki hii, ndiyo maana wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nataka tuitazame hila hii mahali pakubwa kuliko ofisi ya karatasi, napo ni katika Seneti ya Marekani, inapofanya kazi yake ya kuwakubali au kuwakataa wale walioteuliwa kuwa majaji wa Mahakama ya Juu. Nimechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Mambo ya nyumbani hututia joto upesi, tukaanza kuuliza nani amesema kabla ya kuuliza amesema nini. Jambo la mbali huweza kulipima mtu kwa utulivu, kama apimaye mchele usiokuwa wake.

Kwanza fahamu jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, yasema ya kwamba Rais humteua jaji, na humweka kazini kwa shauri na ridhaa ya Seneti. Maneno ni hayo machache tu. Hayataji siku wala miezi, wala hayasemi Seneti ifanye nini hasa ili kuitoa au kuizuia ridhaa hiyo. Jaji akisha kuapishwa hukaa maisha yake yote, maadam mwenendo wake ni mwema. Hapigiwi kura na watu, wala Rais aliyemchukia hawezi kumwondoa. Tangu mwaka 1869 majaji wa mahakama hiyo wamekuwa tisa, na neno la watano kati yao laweza kuitangua sheria iliyopitishwa na Bunge la nchi nzima. Kwa hiyo kiti kimoja kinapokuwa kitupu, vyama vyote viwili hukitazama kama watu wenye njaa wakitazama sufuria moja.

Tarehe 13 Februari, 2016, Jaji Antonin Scalia alikutwa amefariki huko Texas alikokuwa amekwenda kupumzika. Alikuwa na umri wa miaka 79, na alikuwa amekaa katika kiti kile tangu mwaka 1986, Seneti ilipomkubali kwa kura 98 bila hata moja ya kumpinga. Katika mahakama alikuwa nguzo ya upande wa wahafidhina. Rais wa wakati ule alikuwa Barack Obama wa chama cha Democratic, ambaye muda wake ulikuwa umebakia miezi kumi na mmoja. Na Seneti ilikuwa mikononi mwa chama cha Republican, chenye viti 54 katika 100. Siku ile ile ya msiba, marehemu hajazikwa, kiongozi wa walio wengi katika Seneti, Mitch McConnell wa Kentucky, alitangaza kwamba nafasi ile isijazwe mpaka apatikane Rais mpya. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba wananchi wapewe nafasi ya kusema, kwa kuwa uchaguzi wa Rais ulikuwa mwezi wa Novemba mwaka huo huo.

Tia akilini, msomaji, ya kwamba neno hilo lilisemwa kabla ya mtu yeyote kuteuliwa. Hapakuwa na jina la kupinga, wala hukumu za mtu za kuchambua, wala mwenendo wake wa kuulizia. Mlango ulifungwa kwanza, ndipo mgeni akaja.

Mgeni mwenyewe alikuja tarehe 16 Machi. Obama alimteua Merrick Garland, mzaliwa wa Chicago, mwenye umri wa miaka 63, aliyekuwa jaji mkuu wa mahakama ya rufani katika mji mkuu wa Washington. Kabla ya ujaji alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya mashtaka, na ndiye aliyesimamia mashtaka ya wale waliolipua jengo la serikali mjini Oklahoma City mwaka 1995, mlipuko uliowaua watu 168. Mwaka 1997 Seneti ilimkubali kuwa jaji wa rufani kwa kura 76 dhidi ya 23. Baadhi ya wakubwa wa chama cha Republican walikuwa wamepata kumsifu hadharani. Kama Rais angalitaka kumpata mtu wa kuwaudhi wapinzani wake, asingalimchagua huyu.

Kilichofuata kilikuwa kimya. Wajumbe wote 11 wa Republican katika Kamati ya Sheria ya Seneti walikuwa wamekwisha kutia saini barua mwezi wa Februari kwamba hawatafanya kikao cha kumhoji mtu yeyote atakayeletwa na Rais huyo. Mwezi wa Aprili mwenyekiti wa kamati, Chuck Grassley wa Iowa, alikaa na Garland mezani, wakala chakula cha asubuhi pamoja. Na pale pale mezani mwenyekiti akamweleza mgeni wake kwa nini hatamwita mbele ya kamati. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Mtu anakukaribisha chai na mkate, anakuuliza hali ya watu wa nyumbani, kisha anakwambia kwa adabu kwamba hatakusikiliza. Sijui kama ukali ungaliuma zaidi.

Zikapita siku 293. Garland hakushindwa kwa kura, kwa sababu hapana kura iliyopigwa. Wala hakuonekana kuwa na kasoro, kwa sababu hapana aliyemwuliza swali. Tarehe 3 Januari, 2017, muda wa Bunge lile ulikwisha, na uteuzi wake ukafa pamoja nalo, kama taa iliyoishiwa na mafuta. Mpaka wakati huo aliyekuwa amengojea kuliko wateule wote wa Mahakama ya Juu alikuwa Louis Brandeis, mwaka 1916, aliyekaa siku 125. Naye alikuwa Myahudi wa kwanza kuteuliwa, na maneno mazito yalisemwa juu yake; lakini yalisemwa, mashahidi wakaitwa, na mwisho maseneta wakapiga kura, akashinda kwa 47 dhidi ya 22.

Sasa tuipime ile hoja. Kusema kwamba wananchi wapewe nafasi ya kusema ni hoja tamu sana. Ni nani atakayesimama mbele ya watu awaambie watu wasisemeshwe? Na kwa desturi hoja tamu ndiyo ihitajiyo kupimwa zaidi, kwa maana mtu huimeza kabla ya kuitafuna.

Kosa lake la kwanza ni kwamba wananchi walikuwa wamekwisha kusema. Mwaka 2012 walimchagua Obama kwa miaka minne, na mwaka wa nne ni mwaka kama ile mitatu iliyoutangulia. Mwaka 2014 watu wale wale walikipa chama cha Republican wingi katika Seneti. Kwa hiyo walikuwa wamempa mmoja haki ya kuteua, na wengine haki ya kumkubali au kumkataa mteule. Sioni mahali walipompa yeyote kati yao haki ya kulala.

Walitaja pia desturi. Walisema si kawaida jaji kuwekwa katika mwaka wa uchaguzi, Rais akiwa wa chama hiki na Seneti ikiwa ya chama kile. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli mzima. Tarehe 3 Februari, 1988, mwaka wa uchaguzi, Seneti iliyokuwa mikononi mwa Democratic ilimkubali Anthony Kennedy, mteule wa Rais Ronald Reagan wa Republican, kwa kura 97 bila ya mpinzani. Wenye hoja walijibu ya kwamba nafasi ile ilikuwa imezuka mwaka uliotangulia. Ni kweli, lakini ikiwa jambo la maana ni sauti ya wananchi, basi mwezi gani kiti kilikuwa kitupu si kitu, la maana ni mwezi gani kinajazwa. Na katika Oktoba 1956, wiki chache kabla ya uchaguzi, Rais Dwight Eisenhower wa Republican alimweka William Brennan katika mahakama hiyo Seneti ikiwa mapumzikoni, na hapana aliyepiga kelele kwamba wananchi wamenyang'anywa kinywa chao. Seneti ya Democratic ilimkubali mwaka uliofuata.

Napenda kuwa mwadilifu hapa. Watetezi wa McConnell wana jibu moja ambalo siwezi kulivunja: Katiba haikuiwekea Seneti muda. Maseneta walio wengi walikuwa na uwezo wa kufanya walivyofanya, na hapana mahakama ambayo ingaliwalazimisha kufanya kikao. Nakubali. Lakini mtu aweza kuwa na haki ya kutenda jambo, na sababu anayoitoa ikawa si ya kweli. Lau wangalisema wazi, "Sisi ni wengi, Rais huyu si wetu, na kiti hiki tutakilinda mpaka tupate Rais wetu," neno lao lingalikuwa kali, lakini lingalikuwa neno la kweli, na mpiga kura angaliweza kulihukumu kwa jinsi lilivyo. Wao waliivika nguvu yao kanzu ya heshima kwa wananchi. Kanzu hiyo ndiyo ninayoilaumu.

Utaniuliza, msomaji, nimejuaje kwamba ilikuwa kanzu tu? Sikuijua mwaka 2016. Hapana mtu awezaye kuuona moyo wa mwenziwe. Ilibidi kungojea mpaka hoja ile ile iwageukie wenyewe, na jambo hilo lilitokea miaka minne baadaye.

Tarehe 18 Septemba, 2020, Jaji Ruth Bader Ginsburg alifariki. Uchaguzi ulikuwa tarehe 3 Novemba. Hazikubakia karibu miezi tisa kama wakati wa Scalia, bali wiki sita na siku chache. Rais alikuwa Donald Trump wa Republican, na Seneti ilikuwa ya Republican bado, kiongozi wake akiwa McConnell yule yule. Tarehe 26 Septemba Rais alimteua Amy Coney Barrett. Tarehe 26 Oktoba, siku 30 baadaye na siku nane kabla ya uchaguzi, Seneti ilimkubali kwa kura 52 dhidi ya 48. Siku hiyo mamilioni ya wananchi walikuwa wamekwisha kupiga kura zao mapema. Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria safari hii alikuwa Lindsey Graham wa South Carolina, ambaye mwaka 2016 alikuwa amesema hadharani kwamba kama Rais wa Republican atapata nafasi ya namna hiyo katika mwaka wake wa mwisho, basi watu wayachukue maneno yake na kuyatumia juu yake. Watu waliyatumia. Vikao viliendelea.

Walisema tofauti ni kwamba mwaka 2020 Rais na Seneti walikuwa wa chama kimoja. Tofauti hiyo ipo kweli. Lakini itazame vizuri. Kama wananchi wanastahili kusema kabla ya jaji kuwekwa, wanastahili vivyo hivyo Rais akiwa wa chama gani. Ukiondoa sauti ya wananchi katika hoja hiyo, kinachobakia ni hesabu ya viti tu, na hesabu ya viti ndiyo iliyokuwamo tangu mwanzo.

Usidhani ya kwamba nimeandika haya ili kukipamba chama cha Democratic. Nacho kina mavumbi yake. Mwezi wa Juni 1992 seneta wa chama hicho aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, Joseph Biden, alisimama akasema kwamba kama nafasi itazuka majira yale ya joto, Rais wa Republican asiteue mtu mpaka uchaguzi upite. Nafasi haikuzuka, na neno lile likabaki neno tu. Lakini mwaka 2016 Warepublican walilifukua, nao hawakukosa haki ya kulifukua. Mwaka huo huo wa 1992 mwanasheria kijana, John Roberts, aliteuliwa kuwa jaji wa rufani, na Seneti ya Democratic ikamwacha angoje mpaka muda ukaisha, bila ya kura. Mwaka 1999 ikawa zamu ya Republican: Elena Kagan aliteuliwa kwenda mahakama ile ile, hakupata hata kikao cha kuhojiwa. Jambo la kuchekesha, kama jambo hili lachekesha, ni kwamba Garland alipokuwa akingojea, Roberts na Kagan wote wawili walikuwa majaji wa Mahakama ya Juu, wamekaa pande mbili za kile kiti kitupu. Na kila mmoja wao alikuwa amepata kuonja ladha ya kungojeshwa.

Kisha kuna habari ya Miguel Estrada. Rais George W. Bush alimteua kuwa jaji wa rufani mwezi wa Mei 2001. Maseneta wa Democratic hawakuwa na wingi wa kumshinda mwaka 2003, lakini walikuwa wengi wa kutosha kuuzuia mjadala usifungwe. Mara saba Seneti ilipiga kura ya kuufunga mjadala, na mara saba zikakosekana kura 60 zilizotakiwa. Mwezi wa Septemba 2003 Estrada alichoka, akaomba jina lake liondolewe. Walikuwa na sababu? Pengine. Sababu njema huvumilia kura.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kila chama kimeuona mkuki huu kuwa chombo halali ulipokuwa mkononi mwake, na kuwa dhambi ulipoelekea kifuani pake. Na kila kimoja kilipochoka kuchomwa kiliivunja kanuni iliyokuwa ikikisumbua. Mwaka 2013 Democratic waliondoa sharti la kura 60 kwa majaji wa mahakama za chini. Mwezi wa Aprili 2017 Republican wakaliondoa kwa Mahakama ya Juu pia, na siku ya pili yake wakamkubali Neil Gorsuch, kwa kura 54 dhidi ya 45, kukikalia kiti ambacho Garland alikuwa ametajwa kukikalia. Linganisha kura hizo na zile 98 za Scalia, utaona watu hawa wametembea umbali gani katika miaka 31.

Nimekitaja kipingamizi cha kuendeleza mjadala. Pengine hujui namna yake, nami sitaki uondoke bila ya kuijua, kwa kuwa ndiyo hila ya zamani kuliko nyingine katika Seneti ile. Seneta akisimama kusema, kanuni za zamani hazikumlazimisha kunyamaza. Aweza kusema juu ya jambo lolote, saa baada ya saa, na maadam anasema, kura haipigwi. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina alisema kwa saa 24 na dakika 18 mfululizo, akipinga sheria ya kulinda haki ya Weusi kupiga kura. Sheria ilipita hata hivyo. Mwaka 1968 hila hiyo ilitumika juu ya Jaji Abe Fortas, ambaye Rais Lyndon Johnson alitaka kumpandisha awe Jaji Mkuu. Palikuwa na jambo la kweli la kumwuliza Fortas, maana alikuwa amepokea dola 15,000 za kufundisha huku yu jaji, zilizochangwa na watu wenye mali. Lakini kura ya kuufunga mjadala ilikuwa 45 dhidi ya 43, haikufika theluthi mbili zilizotakiwa wakati ule, naye akajitoa. Mpaka leo hatujui Seneti ingalimhukumu vipi.

Kuna mtu mmoja katika habari hizi anayetuhusu sisi wa Kenya kuliko hao wote. Mwanzoni mwa mwaka 1960, wajumbe wa Kiafrika waliochaguliwa walipokwenda London kwa mkutano wa Lancaster House, walikuwa na mshauri wao wa sheria, Mmarekani Mweusi aliyeitwa Thurgood Marshall, aliyepatikana kwa juhudi ya Tom Mboya. Marshall aliandika mapendekezo ya sheria ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya itakayojitawala, na alijali hasa kwamba haki hizo ziwalinde hata wale waliokuwa wachache. Kwao alikuwa wakili mashuhuri: mwaka 1954 alikuwa ameshinda kesi iliyoharamisha kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za serikali.

Mwezi wa Septemba 1961 Rais John Kennedy alimteua Marshall kuwa jaji wa mahakama ya rufani ya New York. Jina lilipelekwa kwa Kamati ya Sheria, na mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa James Eastland wa Mississippi, mtu aliyeutetea ubaguzi wa rangi waziwazi. Rais alimweka Marshall kazini kwa muda Seneti ikiwa mapumzikoni, kwa hiyo ikawa anahukumu kesi za watu hali yeye mwenyewe yungali katika kesi. Jina lake lilikabidhiwa kamati ndogo. Kamati ndogo ilikaa, ikaahirisha. Ikakaa tena, ikaahirisha tena. Akaulizwa juu ya mambo madogo madogo ya chama cha kutetea haki za Weusi alichokitumikia. Hapana aliyesema, "Hatumtaki kwa sababu ni Mweusi." Pasipo neno hilo, hapakuwa na neno la kujibiwa.

Tarehe 11 Septemba, 1962, karibu mwaka mzima tangu kuteuliwa, jina lilifika mbele ya Seneti nzima. Kura za kumkubali zilikuwa 54, za kumkataa 16. Soma hesabu hiyo mara ya pili. Waliomkataa hawakuwa wengi hata kidogo, na bado waliweza kuwazuia walio wengi kwa muda wa mwaka, kwa sababu ufunguo wa chumba cha kamati ulikuwa mfukoni mwa mmoja wao. Mwaka 2016 walio wengi ndio waliokawiza. Mwaka 1962 walikuwa wachache. Hila hii haijali hesabu. Yahitaji mtu mmoja tu mwenye ufunguo, na wenzake walio tayari kutazama pembeni.

Mwaka 1967 Johnson alimteua Marshall huyo huyo kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, Mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Yule Thurmond wa saa 24 alikuwa sasa katika kamati, akamwuliza Marshall maswali mengi ya chembe chembe juu ya historia ya marekebisho ya Katiba yaliyofanywa baada ya vita vya kuondoa utumwa, maswali ambayo wanasheria wengi waliosoma wasingaliweza kuyajibu papo kwa papo. Tarehe 30 Agosti kura zilipigwa: 69 za kumkubali, 11 za kumkataa, na maseneta 20 hawakupiga kura kabisa. Hao ishirini nao wamenishughulisha. Pengine baadhi yao waliogopa watu wa kwao wakisema ndiyo, na wakaona haya kusema la. Marshall alikaa katika mahakama ile mpaka mwaka 1991.

Haya yote yaweza kukudhihirikia kuwa ni ugomvi wa wakubwa kwa wakubwa, usiomgusa mtu wa kawaida. Si hivyo. Kwa miezi 14, tangu Scalia kufariki mpaka Gorsuch kuapishwa, Mahakama ya Juu ilikuwa na majaji wanane, na wanane huweza kugawanyika nne kwa nne. Ikiwa hivyo, hukumu ya mahakama ya chini hubaki ilivyo, na nchi haipati mwongozo wowote. Tarehe 23 Juni, 2016, ilikuja zamu ya kesi ya amri ya Obama ya kuwaruhusu wazazi waliokuwa wakiishi nchini bila ya idhini, ambao watoto wao walikuwa raia au wakazi halali, kubaki kwa muda na kufanya kazi. Waliohusika walikadiriwa kufika milioni nne hivi. Walikuwa wakingoja tangu Novemba 2014. Mahakama ilitoa jibu la sentensi moja fupi, kwamba majaji wamegawanyika sawa, na hukumu ya chini yabaki. Amri ilikuwa imezuiwa, na ikabaki imezuiwa. Hapana ajuaye jaji wa tisa angalisema nini, pengine angaliwakatalia. Lakini mama aliyekuwa akifua nguo za watu huku akihofu kurudishwa alikotoka alistahili kukataliwa kwa sababu, si kwa kiti kitupu.

Kwetu Kenya sheria ya mwaka 2011 juu ya kuidhinisha wateule wa nyadhifa za umma iliiziba sehemu ya tundu hili. Bunge limewekewa siku za kumfikiri mteule, na siku hizo zikiisha pasipo kumkubali wala kumkataa, mteule huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Yaani kimya chetu ni ndiyo, ilhali kimya cha Seneti ya Marekani ni la. Hata hivyo hila haikosi mlango. Mwaka 2019 Tume ya Utumishi wa Mahakama ilipendekeza majina 41 ya majaji, na hapo hakukawiza Bunge, alikawiza Rais. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2020 kwamba hana hiari ya kuyakataa majina hayo, na bado ikawa Juni 2021 ndipo 34 walipoteuliwa. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Sita waliachwa mpaka Rais mwingine alipowateua Septemba 2022. Nakuachia wewe, msomaji, uipime sababu iliyotolewa wakati ule kwa mizani ile ile tuliyoitumia kwa McConnell, na usiitie kidole kwa kumpendelea mtu wa kwenu.

Merrick Garland alirudi katika mahakama yake ya rufani mwaka 2017, akaendelea kusikiliza kesi. Mwaka 2021 Rais Biden, yule yule wa hotuba ya 1992, alimteua kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Safari hii aliitwa mbele ya Kamati ya Sheria, akahojiwa kwa siku nzima, na tarehe 10 Machi Seneti ikapiga kura: 70 za kumkubali, 30 za kumkataa. Miongoni mwa wale sabini alikuwamo Mitch McConnell.